Ziwa la Starehe Juu ya Mji: Kisa cha Johnstown, 1889

SEHEMU YA 1

Tulipomaliza mfululizo wa chanjo niliwauliza tuendelee na nini, na wengi mkasema mnataka historia tena, kama ile ya ndui. Sawa. Safari hii naleta historia ya bwawa.

Najua mtu atasema, "Sista, bwawa na kliniki ya watoto wapi na wapi?" Subiri. Likizo ya shule ikikaribia, simu zetu zinajaa picha: familia imetandika mkeka kando ya lambo la mtu binafsi, watoto wanalisha bata, kuna kiboti cha kukodi, kuna samaki wa kuchoma. Ni pazuri na ni karibu na mji, kiingilio chenyewe hakiumizi. Na wengine wetu hatujaenda hata kutembea. Tumejenga kabisa, bondeni, chini ya tuta la bwawa la jirani mwenye shamba. Tunamwogopa mamba na tunamwogopa mtoto kuteleza, na ni sawa kuogopa hivyo. Tuta lenyewe hatuliulizi chochote.

Sasa nitawapeleka Marekani, jimbo la Pennsylvania, mwaka 1889. Huko tuta moja la udongo, mali ya klabu ya starehe, liliua watu zaidi ya 2,200 katika alasiri moja. Watoto wa miaka 10 kushuka chini waliokufa walikuwa 396. Mimi namba hii ndiyo iliyonifanya nisome habari yote mpaka mwisho.

Kwanza mjue ramani. Mji unaitwa Johnstown. Uko bondeni, mahali mito miwili inapokutana, milima mikali pande zote. Ni mji wa kiwanda cha chuma, watu kama 30,000 ukihesabu na vijiji vya bonde, wengi wao wahamiaji waliotoka Wales, Ujerumani, Ireland. Mafuriko madogo waliyazoea. Karibu kila masika maji yaliingia barabarani, watu wakapandisha mazulia ghorofani, yakapungua, wakashusha mazulia. Kilomita kama 22 juu yao, mlimani, lilikuwepo ziwa. Kutoka kwenye ziwa mpaka mjini ardhi inashuka zaidi ya mita 130. Yaani ziwa lilikuwa limekaa juu ya vichwa vyao, ila kwa mbali na nyuma ya kona, kwa hiyo hawakuliona.

SEHEMU YA 2

Tuta lile halikujengwa kwa starehe. Serikali ya jimbo ndiyo iliyolijenga, kazi ilianza 1838 na kwisha 1853, ikiwa imesimama miaka kadhaa katikati kwa kukosa fedha. Lengo lilikuwa kuhifadhi maji ya mfereji wa mashua za mizigo wakati wa kiangazi. Lilikuwa tuta la udongo lenye kimo cha mita 22 hivi na urefu wa mita 284. Na waliolichora hawakuwa wajinga. Walifanya vitu vitatu ambavyo nawaomba mvikumbuke, kwa sababu hadithi yote iliyobaki ni habari ya vitu hivyo kuondolewa kimoja kimoja.

Walichonga pembeni, kwenye mwamba, njia ya kutorokea maji. Mafundi wetu wengine huiita utoro wa bwawa. Maji yakizidi yanapitia pale, hayapandi juu ya tuta. Halafu chini kabisa ya tuta waliweka mabomba matano ya chuma, kila moja kipenyo cha sentimita 60 hivi, ili mlinzi aweze kushusha maji ya ziwa kabla hayajawa mengi, au akitaka kufanya matengenezo. Na tatu, walipandisha kilele cha tuta juu vya kutosha, ili pawe na nafasi kati ya maji na kilele.

Hapa nitasimama kidogo kuhusu udongo, maana mtu anaweza kudhani tuta la udongo ni kitu cha kijinga. Hapana. Tuta la udongo lililoshindiliwa vizuri, tabaka kwa tabaka, linaweza kuishi miaka mia na zaidi. Mabwawa mengi duniani ni ya udongo. Adui yake mkubwa ni maji kupita juu yake. Maji yakishavuka kilele, yanateremka upande wa pili yakiwa na kasi, yanabeba udongo, yanachimba mfereji, mfereji unakuwa korongo, na mlango ukishafunguka hakuna mtu wa kuufunga. Adui wa pili ni wa kimya: maji yanayopenya ndani ya tuta, pengine kwa kufuata mzizi wa mti uliooza, shimo la panya au bomba la zamani, yakitoka upande wa pili na chembe za udongo. Mama anayeona kidonda kinatoa maji safi hashtuki sana. Kikianza kutoa usaha anakimbilia zahanati. Fundi wa bwawa naye hivyo hivyo, akiona maji yanayovuja yamebadilika rangi na kuwa ya tope, halali.

Tuendelee. Bwawa lilipokamilika, reli ilikuwa imeshafika. Mashua zikakosa kazi. Mwaka 1857 serikali ikauza kila kitu kwa kampuni ya reli, Pennsylvania Railroad, na kampuni ya reli haikuwa na haja na bwawa. Likakaa bila mwenyewe wa kulitunza. Mwaka 1862 sehemu ya chini pale penye mabomba ikabomoka na tuta likapasuka. Kwa bahati maji yalikuwa machache, madhara yakawa madogo. Na hapo ndipo balaa lilipozaliwa, maana watu wa bondeni walisema, kumbe bwawa likipasuka ndiyo hivi tu?

Mwaka 1875 akalinunua mwanasiasa mmoja, John Reilly. Alikaa nalo miaka minne bila kulifanyia lolote, isipokuwa jambo moja. Yale mabomba ya chuma akayang'oa akayauza kama chuma chakavu.

Soma tena sentensi hiyo. Uwezo wote wa kushusha maji ya ziwa uliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

SEHEMU YA 3

Mwaka 1879 akaja Benjamin Ruff, mtu wa mipango. Akanunua tuta na eneo kwa dola 2,000, akaanzisha South Fork Fishing and Hunting Club, klabu ya kuvua na kuwinda. Wanachama wake walikuwa matajiri wa mji wa Pittsburgh, na hapa si utajiri wa kawaida: Andrew Carnegie alikuwemo, Henry Clay Frick alikuwemo, Andrew Mellon alikuwemo. Kila kiangazi walikuja na wake zao na watoto wao, mbali na moshi wa viwanda ambavyo wao wenyewe walikuwa wanavimiliki. Walijenga nyumba za mbao za ghorofa kando ya maji. Walikuwa na mashua za tanga, hata mashua za injini ya mvuke, juu ya mlima! Samaki waliletwa kwa treni wakamwagwa ziwani.

Sasa tazama alivyotengeneza tuta. Shimo la 1862 alilijaza kwa udongo, mawe, matawi ya miti, majani makavu, na wanaosimulia wanataja hata samadi. Hakuwa na mhandisi wa kumsimamia. Mabomba hakurudisha. Kilele cha tuta akakipunguza, karibu mita moja, ili barabara iliyopita juu yake iwe pana na magari ya farasi yapishane bila kusumbuana. Na pale kwenye utoro wa maji akaweka wavu wa chuma chini ya daraja, ili samaki wa gharama wasitoroke.

Kwa hiyo: mabomba hakuna, kilele kimeshuka, utoro umewekewa chujio. Vile vitu vitatu nilivyowaambia. Na kila uamuzi ulikuwa na sababu inayoeleweka kabisa ukiutazama peke yake. Chuma kina bei. Barabara nyembamba inakera. Samaki wamenunuliwa. Hakuna hata mmoja aliyeamka asubuhi akasema leo nataka kuua watu wa bondeni. Mimi hili ndilo linalonitisha kuliko ubaya wa makusudi, kwa sababu hata wodini makosa makubwa huja hivyo hivyo: mtu kaazima kifaa, mwingine kakisogeza, wa tatu kaona kikwazo akakitoa.

Je, hakuna aliyeona? Aliona mtu. Bosi wa kiwanda cha chuma cha Johnstown, Daniel Morrell, alimtuma mhandisi wake John Fulton kwenda kukagua mwaka 1880. Fulton akarudi na mambo mawili makubwa: hakuna njia ya kushusha maji, na ule ukarabati unavuja. Morrell akaandika barua kwa klabu. Ruff akajibu kwa kiburi kwamba ripoti ina makosa na watu wa Johnstown hawana hatari yoyote kutoka kwao. Morrell akaandika tena, akasema kampuni yake iko tayari kuchangia gharama za kulitengeneza. Jibu likawa asante, hapana.

Morrell alifariki 1885. Ruff naye 1887. Tuta likabaki, na katikati yake lilikuwa limeshaanza kubonyea. Yaani sehemu iliyopaswa kuwa juu zaidi ndiyo iliyokuwa chini.

Huku mjini, kila mvua kubwa mtu alisema, "Leo bwawa litapasuka." Halipasuki. Mwaka unaofuata tena. Mpaka ikawa utani. Mama anayewaambia wanae wajiandae kukimbia akawa anachekwa na majirani. Mnazijua hizo familia, kila mtaa unayo moja, na huwa tunaiita waoga.

SEHEMU YA 4

Nisameheni, juzi sikuweza kuandika, nilikuwa zamu ya usiku. Sehemu hii ni nzito. Kama una mimba changa au umetoka kufiwa, iruke, usome ya tano.

Mei 30, 1889 ilikuwa sikukuu ya kukumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Usiku ule mvua ikanyesha ambayo wazee hawakuwahi kuiona, kati ya milimita 150 na 250 ndani ya saa 24. Asubuhi ya Ijumaa, Mei 31, mjini Johnstown maji yalikuwa yameshaingia barabarani. Watu wakapandisha mazulia kama kawaida, wengine wakajifungia ghorofani wasubiri yapungue.

Juu mlimani, rais wa klabu, Elias Unger, aliamka akaona ziwa limekaribia kilele. Akakusanya vibarua. Wengine wakajaribu kuinua katikati ya tuta kwa majembe, wengine wakachimba mfereji wa pili pembeni, wakagonga mwamba. Ule wavu wa samaki ulikuwa umeziba kwa magogo na takataka, na walipojaribu kuutoa ulikuwa umeshikwa na uzito wa maji, haukutoka. Na bomba la kufungua, kama nilivyosema, lilishauzwa.

Kijana mhandisi wa klabu, John Parke, alipanda farasi akateremka mpaka kijiji cha South Fork kupeleka onyo, ili litumwe kwa telegrafu. Ujumbe ulitumwa zaidi ya mara moja siku ile. Nyaya nyingine zilikuwa zimekatika kwa mvua. Ujumbe uliofika, waliousoma wakasema ni zile habari za kila mwaka. Ofisi ya telegrafu ya Johnstown ilikuwa mikononi mwa mama mjane, Hettie Ogle. Alibaki mezani kwake akipokea na kutuma huku maji yakipanda, mpaka akaaga kwamba hawezi kuendelea tena. Alikufa pamoja na binti yake Minnie.

Saa tisa alasiri hivi tuta likaachia. Ziwa lenye urefu wa kilomita tatu likamwagika lote kwa muda unaoweza kulinganishwa na wa kupika maharage: kama saa moja. Lilishuka bonde likibeba miti, nyumba, madaraja, mabehewa, injini za treni, na kilomita nyingi za waya wa miiba kutoka kiwanda kimoja kilichokuwa njiani. Dereva wa treni John Hess aliona linakuja. Akaifunga filimbi ya injini isinyamaze, akarudi nayo kinyumenyume kuelekea makazi ya East Conemaugh. Kila aliyesikia filimbi isiyokoma alijua kuna jambo, akakimbilia mlimani. Filimbi ile iliokoa watu kuliko telegramu zote.

Saa kumi na dakika saba maji yalifika Johnstown. Waliokuwa hai walisema hawakuona maji, waliona kilima cha vitu kinachotembea, na vumbi jeusi mbele yake. Dakika kumi na mji haukuwepo.

Nichague wawili tu, maana siwezi kuwaandikia wote.

Anna Fenn alikuwa nyumbani na wanawe saba, na mwingine tumboni. Mumewe alisombwa akiwa nje akijaribu kurudi. Maji yakapanda ndani ya nyumba, akawashika watoto waliomzunguka, mdogo mikononi, mpaka hapakuwa na hewa. Wote saba walikufa. Yeye alinusurika. Wiki chache baadaye alijifungua, na mtoto huyo naye hakukaa. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi na sina la kuongeza hapo.

Wa pili ni binti wa miaka sita, Gertrude Quinn. Baba yake alikuwa mmoja wa wale "waoga" niliowataja. Kwa miaka alikuwa akisema lile tuta litakuja. Alipoona dalili aliiambia familia ikimbie mlimani, yeye akatangulia amembeba mtoto mgonjwa wa surua. Shangazi akaona nyumba yao ya matofali ni imara, ghorofa ya juu inatosha; akabaki na mwanawe mchanga na yaya, pamoja na Gertrude. Nyumba ilianguka. Shangazi, mwanawe na yaya walikufa. Gertrude alijikuta juu ya godoro lililoelea, akilia, akipita watu wanaomtazama bila uwezo. Mwanaume mmoja, Maxwell McAchren, akaruka kutoka kwenye paa alilokuwa ameshikilia na wenzake, akamfikia. Walipopita karibu na dirisha la nyumba iliyosimama, akamrusha mtoto juu ya maji kama unavyorusha mzigo, wanaume waliokuwa dirishani wakamdaka. Aliishi mpaka uzee, akaandika kitabu cha kumbukumbu zake.

Baba yake aliokoa waliomfuata. Shangazi naye hakuwa mjinga, alitumia uzoefu wa mafuriko ya kila mwaka. Uzoefu ule ulikuwa wa maji yanayopanda taratibu, na haya hayakuwa maji ya namna hiyo.

Usiku mabaki yaliyokwama kwenye daraja la mawe yakashika moto. Fikiria, ekari 30 za mbao, mabehewa na watu walionasa, zinaungua juu ya maji. Inakadiriwa watu 80 walifia pale. Katika jengo la Alma Hall, watu zaidi ya 260 walikesha gizani. Waliamua hakuna kuwasha hata kiberiti, maana gesi ilikuwa inavuja. Daktari aliyekuwa na mbavu zilizovunjika alihudumia majeruhi kwa kupapasa, na wanawake walijifungua mle mle.

Waliokufa jumla walihesabiwa 2,209. Familia 99 zilitoweka zima zima, hakubaki mtu wa kulia. Zaidi ya 750 hawakutambuliwa kamwe.

SEHEMU YA 5

Siku tano baada ya mafuriko, alishuka kwenye treni mama wa miaka 67, Clara Barton, na kikosi chake cha Msalaba Mwekundu wa Marekani, shirika alilolianzisha 1881. Hakuwa amesomea uuguzi darasani, alijifunzia vitani. Wakubwa wa kijeshi waliokuwa wakisimamia mji hawakujua wamfanyie nini. Alibaki miezi mitano. Alisimamisha mahema ya wagonjwa, akajenga nyumba za mbao za kulaza familia zisizo na makazi, na akagawa vitanda, sufuria na nguo kwa kuandika kwenye daftari nani kapata nini. Homa ya matumbo ilizuka kama tulivyotarajia sisi watu wa afya, visima vikiwa vimechanganyika na vyoo na mizoga. Habari ya Clara Barton nitaiandikia siku yake.

Na klabu? Klabu ilituma mablanketi 1,000. Baadhi ya wanachama walichanga fedha, wengine wengi hawakutoa hata senti. Carnegie baadaye aliujengea mji maktaba, na jengo hilo leo ndilo makumbusho ya mafuriko. Kesi zilifunguliwa. Hakuna mwanachama hata mmoja aliyelipa fidia kwa hukumu ya mahakama. Klabu kama klabu haikuwa na mali ya maana, mali zilikuwa za wanachama binafsi, na mawakili wakasema ni kudra ya Mungu. Mmoja wa mawakili wa upande huo, Philander Knox, naye mwanachama, baadaye akawa waziri wa mambo ya nje wa Marekani.

Chama cha wahandisi kilifanya uchunguzi, kikakaa na ripoti mpaka 1891, kikasema tuta lingezidiwa na maji hata kama klabu isingeligusa. Miaka ya karibuni watafiti wa Pennsylvania walirudi kupima upya, wakakuta kwamba kushusha kilele kulipunguza sana uwezo wa bwawa kumwaga maji, na kwamba tuta la awali lingeweza kuhimili mvua ile. Niamini nani? Mimi nipo na hawa wa pili, maana wamepima.

Uingereza mahakama ya juu ilikuwa imeshaamua mwaka 1868, katika kesi ya Rylands na Fletcher, kwamba mtu akikusanya kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoka, anawajibika kikitoka, hata kama hakuzembea. Na kesi yenyewe ilikuwa ya bwawa la mwenye kiwanda lililofurika kwenye mgodi wa jirani! Mahakama nyingi za Marekani ziliikataa kanuni hiyo mwanzoni. Baada ya Johnstown hasira ya watu ilikuwa kubwa, na majimbo mengi taratibu yakaanza kuikubali. Kwetu Afrika Mashariki ilikuja na sheria za Kiingereza na bado inatajwa mahakamani.

Msidhani mambo yaliishia karne ya 19. Novemba 6, 1977, usiku wa manane, bwawa la Kelly Barnes lilipasuka juu ya chuo cha Biblia cha Toccoa Falls, jimbo la Georgia. Lilikuwa dogo, ziwa la kama hekta 16 tu. Zamani liliendesha umeme wa chuo, halafu umeme ukaachwa na likabaki la kuvulia na kupumzikia. Miti ilikuwa imeota kwenye tuta, upande wa chini ulikuwa mkali mno. Walikufa watu 39, wengi ni watoto na wazazi wao waliokuwa wamelala. Ndipo Rais Jimmy Carter, mwenyeji wa Georgia, akaagiza mabwawa yasiyo ya serikali kuu yakaguliwe nchi nzima. Udogo wa bwawa haukuwasaidia waliokuwa wamelala chini yake.

Na kwetu mnakumbuka Solai, kaunti ya Nakuru, Mei 9, 2018, usiku. Bwawa la udongo la shamba kubwa la binafsi, masika makali, maji yakashuka kwenye vijiji vya Nyakinyua na Energy. Waliokufa ni zaidi ya 40, na wengi ni wanawake na watoto, kwa sababu saa ile ndio waliokuwa ndani.

Sasa maswali yenu. Yamejaa kwenye ujumbe, najibu kwa pamoja.

Mama wa Arusha ameuliza, "Nitajuaje lambo tunalokwenda ni salama?" Kwa macho tu huwezi kujua, mama. Lakini unaweza kujua lililo baya. Tembea juu ya tuta. Ukikuta miti mikubwa imeota juu yake, mashimo ya wanyama, nyufa ndefu, au mahali pamebonyea katikati, usitandike mkeka upande wa chini. Tafuta utoro wa maji. Ukiwa umejazwa mchanga, umejengewa kibanda cha chipsi au umewekewa wavu wa samaki, umeshaelewa. Upande wa chini ukiona panalowa wakati wa kiangazi na maji yanayotoka ni ya tope, waambie wenyewe siku hiyo hiyo, na uondoe watoto. Na muulize msimamizi swali moja: mkitaka kushusha maji mnashusha vipi? Akikosa jibu, hiyo ni Johnstown bila mabomba.

Mwingine kauliza, "Sisi tunaishi chini yake, tuhame?" Siwezi kukwambia uhame, kodi silipi mimi. Jua njia ya kupanda mahali pa juu, siyo ghorofani, mlimani. Watoto waijue hata gizani. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, mtu mmoja wa mtaa awe na kazi ya kwenda kutazama. Na msidharau anayesema tuondoke. Ukiondoka bure mara kumi umepoteza usingizi wa siku kumi.

Malalamiko yanapelekwa wapi: Tanzania ni bodi ya maji ya bonde lenu, chini ya Wizara ya Maji, na bwawa linatakiwa kuwa na kibali. Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mpeleke kwa maandishi, mkiwa kikundi, na mbaki na nakala yenye mhuri. Barua za Morrell zipo mpaka leo kwa sababu zilihifadhiwa.

Dada aliyeuliza kama mtoto anaweza kupata kichocho kwenye lambo: ndiyo, anaweza, na hiyo ndiyo mada ya Jumatatu. Mje na kadi za kliniki za watoto, nitawaonyesha pa kuangalia.